Barua ya Kumruhusu Mtu Mzima

Mwenyekiti wa mtaa wetu ana muhuri, na kwa muhuri ule mambo mengi yamepata kuwa halali hapa Tabora. Ameandika barua ya kupiga muziki wa harusi, barua ya kumtambulisha mtu benki, barua ya ng'ombe wawili kwenda Nzega, na mara moja, mimi nikiwepo, barua ya kuthibitisha kwamba mzee mmoja amefariki, ingawa maiti yenyewe ilikuwa imelazwa mbele yake. Barua moja tu ndiyo iliyomshinda. Nitaeleza nilivyoona. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika, maana mimi nimeishia darasa la saba na kazi yangu ni cherehani.

Barua yenyewe ilikuwa ya jirani yangu. Tunagawana ukuta na baraza, kwa hiyo akikohoa mimi nasema pole. Ana watoto watano. Wa tano alizaliwa kwa upasuaji, na nilikuwa nimempakata huyo mtoto pale hospitali kubwa daktari alipomwambia mama yake, "Mama, kizazi chako kilichanika. Ukibeba mimba nyingine kabla hakijapona, siwezi kukuahidi kwamba tutaonana tena." Alisema hivyo huku akiandika, hakuinua hata kichwa. Jirani alijibu, "Nimesikia." Mimi ndiye niliyelia. Sijui kwa nini, mimba haikuwa yangu.

Mume wake analima tumbaku Ulyankulu. Hurudi kila baada ya miezi miwili, akakaa wiki, akaondoka. Mtoto alipofikisha miezi saba, zilibaki wiki tano shemeji arudi. Jirani akamfunga mtoto mgongoni, akaenda zahanati kuomba sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu.

"Mume yuko wapi?" nesi akamuuliza.

"Ulyankulu."

"Anajua?"

"Anajua nini?"

"Basi aje mwenyewe, au ulete barua ya mwenyekiti wa mtaa."

Nyuma ya kichwa cha nesi palikuwa na bango la serikali, lina picha ya mama anacheka, limeandikwa kwamba huduma ni hiari ya mteja. Jirani alisoma bango, akamtazama nesi, akasoma bango tena. Nesi naye akageuka kulitazama, kama mtu aliyeambiwa ana doa mgongoni. Kisha akasema, "Hilo lililetwa na watu wa mkoani."

Tulikwenda wote wawili kwa mwenyekiti. Alikuwa amekaa nje, anakunywa kahawa na wenzake watatu.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Barua ya nini leo?"

Nikamwomba tuzungumze pembeni. Tukazungumza pembeni. Alisikiliza vizuri, nakiri, hakutukatiza hata mara moja. Tulipomaliza akaweka kikombe chini.

"Hili hapana. Mimi ni mwenyekiti wa mtaa. Naishia mlangoni kwa mtu, chumbani siingii."

Nikamkumbusha, "Wakati wa vyandarua uliingia vyumbani mwetu ukahesabu vitanda. Kwangu uliinua hata godoro."

"Ile ilikuwa kazi ya serikali."

"Na zahanati ni ya nani?"

"Mwanangu, wewe shona nguo." Akatucheka kidogo, si kwa ubaya. Jirani hakucheka. Njiani alisema neno moja tu: "Wiki tano."

Sasa nieleze kikundi chetu, maana bila kikundi nisingekuwa na la kuandika. Tuko wanawake kumi na mmoja. Mimi ni katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na kwa sababu siku ya kuchagua nilichelewa kufika. Mwezi ule ulikuwa wa kujiandikisha kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa, na tulijitolea kupita nyumba kwa nyumba kuwahimiza wanawake. Kazi ilikuwa moja, kueleza kwamba kadi ya kupigia kura aliyonayo mtu sandukuni haitoshi, huu uchaguzi una orodha yake ya mtaa, na lazima mtu aende mwenyewe akaandikwe jina. Maneno haya nimeyasema mara nyingi hadi siku moja nikamwambia hivyo mteja aliyekuja kupunguza sketi.

Nyumba ya kwanza alitoka baba. "Kwangu kura ziko nne," akasema, kama anayehesabu mbuzi. Nikamwomba nizione hizo kura. Akaita, wakatoka wake wawili na binti, wakasimama kwa kufuatana kimo. Nyumba ya pili mama alisema hana haja ya kujiandikisha kwa sababu mwenyekiti anamjua kwa sura. Nyumba ya tatu tulimkuta mwalimu mstaafu, akatueleza haki zetu kwa muda wa saa nzima, tukakosa nafasi ya kuwaeleza wengine haki zao. Lakini watu walijiandikisha. Mstari wa wanawake ulikuwa mrefu kuliko wa wanaume, na hilo nalisema kwa fahari, ingawa baadhi walidhani panagawiwa kanga.

Tulipokutana kwenye kikundi nikaleta habari ya jirani. Wote walisikitika. Wanne wakasema yaliwakuta wao pia, kwa nesi yule yule. Mmoja alisema alileta barua ya mwenyekiti miaka miwili iliyopita, akapewa sindano.

"Aliandikaje, wakati amekataa?" nikauliza.

"Nilimwambia ni ya kuombea dawa ya kikohozi ya mwanangu."

Basi tukakubaliana kwamba swali lazima liulizwe hadharani, kwenye mkutano wa kampeni, mbele ya mtaa mzima, mwenyekiti akiwa anaomba kura. Palipofika pa nani aulize, kila mtu akakumbuka ana chungu jikoni. Mwenyekiti kwa mmoja ni baba mdogo, kwa mwingine ni mume wa shangazi, na kwangu alisimamia mazishi ya mama yangu. Utasimamaje mbele ya wazee wenye kofia useme habari za kizazi?

Hapo ndipo nilipopata wazo. Nakiri mapema kwamba lilikuwa langu, ili lawama isitawanyike. Nikasema, "Aulize mtani."

Kwenye kikundi tunaye mama mmoja Mzaramo. Alikuja na mume aliyefanya kazi reli miaka mingi iliyopita, mume akafa, yeye akabaki anakaanga mihogo karibu na stesheni. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe na mizigo kwa miguu mpaka pwani, na mtani hakasirikiwi, aseme lolote. Misibani kwetu mama huyu hujilaza ndani ya kaburi akakataa kutoka, huficha upawa chakula kisipakuliwe, na akimwona mwenyekiti humwita punda wa Mwarabu. Mwenyekiti hucheka. Ni lazima acheke, ndiyo desturi. Kwa hiyo nikaona, mtu pekee anayeweza kusema lolote mbele ya mwenyekiti tunaye, tena hatuhitaji kumfundisha.

"Niachieni," mama Mzaramo akasema. "Huyo nitamnyoa bila maji."

Mkutano ulikuwa jioni, kwenye uwanja wa nyuma ya ofisi ya mtaa. Mpinzani alitangulia, akaahidi kupigania mji wetu upate reli. Reli tunayo tangu Mjerumani. Watu wakampigia makofi kwa adabu. Akapanda mwenyekiti, akaeleza bomba la maji alilolileta, na bomba kweli alilileta. Kisha akasema, "Maswali."

Mama Mzaramo akasimama na kanga yake kiunoni. "Wewe punda wa Mwarabu!"

Uwanja ukalipuka.

"Unasema, mla nazi?" mwenyekiti akajibu, tayari anacheka.

"Nasema hivi. Babu yako alibeba pembe mgongoni toka hapa mpaka kwetu Bagamoyo, hakuomba barua ya mke. Leo mwanamke wa hapa akitaka kupumzisha tumbo lake aombe barua kwako. Kwani tumbo hilo ulilibeba wewe?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Wanaume wakashikana mabega. Mzee mmoja alicheka hadi kofia ikamdondoka.

"Na wewe tumbo lako linahitaji barua ya nini? Limejaa mihogo!"

"Jibu swali, punda!"

"Nitaandika! Nitaandika barua mia! Nitagonga muhuri mpaka kwenye kitovu!"

Basi. Mkutano ukaisha pale. Watu waliondoka wanafuta machozi, wanasema mwenyekiti wetu ni mtu wa watu. Mimi nilikuwa nimeandika kila neno kwenye daftari la kikundi, na chini yake nikapiga mstari: AMEAHIDI MBELE YA UMMA. Nilijiona mwanasheria.

Asubuhi tukamwendea, mimi na jirani, na daftari.

"Mwangaluka, wanangu."

Tukaitikia salamu yake ya Kinyamwezi. Nikafungua ukurasa, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, hata akacheka tena pale pa kitovu. Kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, jana nilikuwa nazungumza na nani?"

"Na mama Mzaramo."

"Mama Mzaramo ni nani kwangu?"

Nikafunga daftari.

"Mwaka juzi kwenye msiba alisema hatoki kaburini mpaka nimpe mke wangu mdogo. Nikamwambia mchukue. Alikuja kumchukua?"

Kwa desturi yetu mwenyekiti alikuwa na haki kabisa. Neno la utani halidaiwi. Mimi Mnyamwezi wa kuzaliwa, niliyelelewa na kuzika watu wangu hapa, nilichukua jambo la kufa na kupona nikalipeleka kwenye mlango pekee ambao halingeweza kupita. Mgeni asingefanya kosa lile. Mgeni angeuliza tu swali.

Na si hilo tu. Siku ya kura mwenyekiti alishinda. Alishinda kwa wanawake tuliowaandikisha sisi, nyumba kwa nyumba, tukichubua visigino. Niliwauliza baadhi yao, wakasema walimpenda alivyojibizana na yule Mzaramo. Kampeni yake nzuri kuliko zote tulimfanyia sisi. Na kwa kuwa nimeahidi ukweli, mimi pia nilimpigia. Nilisimama mbele ya karatasi, nikafikiria tumbo la jirani, nikafikiria bomba, nikafikiria mtu anayeahidi reli kwenye mji wa reli. Nilimwambia jirani siku ileile. Akasema, "Mimi pia." Tukabaki tunatazama miguu yetu.

Zilikuwa zimebaki siku tisa shemeji arudi.

Safari hii wazo lilitoka kwa jirani mwenyewe. Aliingia kwenye kikundi akasema, "Mimi naenda zahanati Jumanne, bila barua. Anayetaka anisindikize." Akarudi kwake kusonga ugali.

Jumanne tulikuwa kumi na wawili kwenye foleni ya nesi, sisi kumi na mmoja na yeye. Mbele kabisa mama Mzaramo, ambaye ana umri wa miaka sitini na ushee.

"Bibi, shikamoo. Unasumbuliwa na nini?"

"Nataka sindano ya uzazi."

"Wewe?"

"Nina wasiwasi."

"Bibi, mumeo si alishafariki?"

"Ndiyo maana sina barua."

Wa pili akasema vilevile, hana barua. Wa tatu hivyo hivyo. Mimi nilikuwa wa sita, nina miaka hamsini na tatu, na nilipofika mbele nikasahau tulichopanga, nikaomba dawa ya mgongo. Nesi akanipa. Alikuwa na nidhamu ya kazi, lazima niseme.

Alipofika wa tisa nesi akafunga mlango, akakaa kwenye benchi letu, akavua kofia. Nilidhani atatutukana. Akasema, "Mnaona lile dirisha?"

Dirisha lilikuwa na mbao badala ya kioo.

"Mwanamke mmoja alikuja, nikampa huduma. Sikumuuliza lolote, nilifuata bango. Kesho yake mume wake akaja na pampu ya baiskeli. Alivunja dirisha, akanipiga nayo hapa." Akatuonyesha mkono juu ya kiwiko. "Niliita, watu walijaa nje. Wanawake walijaa. Nilimwona huyu, na huyu." Akanyoosha kidole mara mbili, na mara moja kilinielekea mimi. "Hakuna aliyeingia. Mwenyekiti akaja baadaye akasema nitumie busara. Basi barua ndiyo busara yangu. Akija mwingine na pampu, nimwonyeshe muhuri."

Nilikumbuka ile siku. Nilikuwa nje kweli. Nilikuwa nimebeba nguo ya mteja na niliogopa isichafuke.

Mama Mzaramo akafungua kanga yake kiunoni, akaifunga upya.

Jirani ndiye aliyemuuliza, "Ukitaka watu badala ya muhuri, tuko kumi na wawili. Tunatosha?"

"Kwa maneno tu?" nesi akauliza.

Nikachana karatasi katikati ya daftari. Nikaandika kwamba sisi tuliotia saini tumemsindikiza mwenzetu, kwamba amekuja kwa hiari yake, na mtu mwenye neno aje kwetu, asimguse nesi. Tukatia saini, watatu wakaweka dole gumba. Nesi akaisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka mfukoni. Kisha akamwita jirani ndani. Hakukaa hata dakika kumi. Alitoka anasugua bega, akasema, "Twendeni, mtoto ana njaa."

Ningependa kuishia hapa, ningeonekana mtu wa maana. Lakini wiki ile ile wanawake wa mitaa mingine walianza kuja barazani kwangu kuomba barua, nesi amewaelekeza kwa katibu. Siku ya kwanza niliandika mbili. Siku ya pili tatu. Watu wakaanza kunipa shikamoo kwa kuinama kidogo, nami nikaanza kuitikia marahaba bila kuinua macho kwenye cherehani. Siku ya tatu akaja binti mmoja wa Kipalapala, ameolewa juzi, na nikasikia sauti yangu ikimuuliza, "Mume wako anajua?"

Jirani alikuwa amekaa pale anachambua mchicha. Akainua kichwa. "Kanunue na muhuri kabisa," akasema.

Nilimwomba radhi yule binti. Jioni nikamwendea nesi nikamwambia barua basi, maana tulikataa kuomba ruhusa kwa mwenyekiti na sasa watu wanaiomba kwangu. Akasema, "Barua basi, na pampu je?" Nikasema tutakaa wenyewe. Tangu hapo kila siku ya huduma wawili wetu wanakaa kwenye benchi la nje, kwa zamu. Ni kazi ya kijinga sana. Unakaa, unapiga miayo, unawaangalia watu wanaokuangalia. Sina hakika kama inasaidia. Pampu haijaja.

Shemeji alirudi Ijumaa, na baiskeli imejaa viazi. Jumamosi asubuhi alikaa barazani na mkewe, mimi nikiwa hatua tatu kutoka kwao na cherehani yangu. Nilijitahidi kushona kwa kelele nisisikie. Nilisikia. Mkewe alimweleza yote, toka daktari hadi sindano, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya nyanya.

Nikaangalia mikono ya shemeji. Ilikuwa juu ya magoti, imetulia.

"Mbona hukunipigia simu?" akasema mwishoni. "Simu ninayo. Ningekataa? Mimi nilikuzika moyoni siku ile ya upasuaji. Ningesema ndiyo."

Hapo sindano yangu ilikatika, nisiseme uongo. Kwa wiki tano wanawake kumi na wawili, mmoja wao mtani, pamoja na mwenyekiti na mpinzani wake tulizunguka mtaa mzima na hakuna hata mmoja aliyefikiria kumpigia huyu bwana. Niliona aibu imenijaa hadi masikioni. Nikafikiri, kumbe kazi yote ile ilikuwa ya simu moja.

"Najua ungesema ndiyo," jirani akamjibu.

"Sasa?"

"Ndiyo maana sikupiga."

Shemeji akamtazama. Mimi nilikuwa nimeshaacha kujifanya nashona.

"Ningepiga, ukasema ndiyo, ningekuwa nimepewa ruhusa," jirani akasema. "Kule chumba cha upasuaji niliingia peke yangu, baba. Sikupewa na mtu."

Alisimama, akamkabidhi mtoto, akaingia ndani kupika viazi. Shemeji alibaki amempakata mwanawe, akanigeukia mimi, nadhani kwa sababu sikuwa mbali.

"Shemeji," akaniuliza, "hapo alinisema mimi au alimsema nani?"

Nikamwambia sina hakika. Nikaanza kutafuta sindano nyingine kwenye kopo.